Lebo Ambayo Sikuipitia

Dukani,
Jumatano asubuhi.

Kwako Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba ule mgongo wako umepunguza matata. Sisi huku hatujambo kwa kiasi. Baba goti lake ndilo linalompangia siku za kuja dukani na siku za kubaki nyumbani, na siku za kubaki anapiga simu kila mara kuuliza kama tumezima mashine ya kukatia karatasi. Mama ni mzima, anakusalimu sana, anasema umekonda kwenye picha. Usiniulize picha gani. Kwa Mama umekonda kwenye picha zote.

Najua umeshaigeuzageuza bahasha ukijiuliza kama kweli ni mimi. Mimi na kalamu wapi na wapi! Mara ya mwisho kukuandikia kwa mkono ulikuwa bado unalala bweni. Lakini ni mimi, na mwandiko ni huu huu uliokuwa ukiucheka, kana kwamba kuku amepita na miguu yenye wino. Nina sababu ya kuandika kwa mkono na nitakueleza yote taratibu. Ila kabla sijaendelea nakuomba jambo moja: kama umewasha kompyuta yako, izime. Usimalizie ulichokuwa unafanya, usihifadhi, izime tu, ukae, usome. Ni habari ya kazi yako, Kaka, zile lebo za dawa za watoto mnazotoa hapo kiwandani. Kuna watoto wa watu wanaweza kuumia, na huenda wewe hujui lolote.

Barua hii nampa Shangazi, kesho anakuja huko kumtembelea rafiki yake. Nimemwambia akupe mkononi, na asiondoke mbele yako mpaka umalize. Ningeweza kumtuma akueleze kwa mdomo, lakini Shangazi unamjua. Ingefika huko kwamba kompyuta za dukani zimeshikwa na homa ya matumbo.

Nianzie kwa yule mteja wa mifuko. Alituandikia barua pepe, akasema ana duka la sabuni na anataka mifuko ya karatasi yenye nembo yake, na nembo akaiambatisha, faili la programu yetu ile ile ya kuchorea. Mtu wa adabu, maneno yake laini, hakuna haraka wala kulalamikia bei. Wateja wa namna hiyo hatuna, unajua mwenyewe. Nikafungua faili. Picha ikatokea nusu, kioo kikawa cheupe, programu ikajifunga.

Sasa niambie, mtu wa kazi yetu hapo anafanya nini? Anahamia mashine nyingine. Sisi hatujawahi kufikiria vinginevyo. Faili likigoma kwangu labda litakubali kwako, labda toleo halipatani, labda ni zito. Nikalitia kwenye flashi, nikalipeleka kwenye kompyuta ya Mama Makasi, maana siku hizi mbali na kukata karatasi anapokea wateja. Likajifunga. Nikalipeleka kwa Bibi, ile kompyuta kongwe ya dirishani ambayo Baba hataki tuitupe. Likajifunga. Baba akaja anafuta miwani, akasema sisi watoto wa siku hizi hatujui kusubiri, akalifungua kwenye ya kwake huku amekunja mikono. Likajifunga mbele ya macho yake. Tulicheka, Kaka. Tulikuwa tunawekeana dau nani ataliweza. Ndipo nikasema yuko mganga wa mafaili yaliyogoma, nikakutumia wewe.

Siku ile ile ukanijibu kwamba limejifunga kwako nyumbani, na kwamba utalijaribu kwenye mashine ya ofisini. Baadaye ukaandika kwamba na ya ofisini imeshindwa, na huyo mteja wangu achore nembo yake kwa mkaa ukutani aipige picha. Hayo yalikuwa maneno yako kweli, nayatambua.

Mteja naye akaandika kwamba tusijisumbue, amepata watu wengine, anatushukuru kwa uvumilivu wetu. Baba akamsifia mpaka basi. Akasema hao ndio wateja.

Baada ya hapo mambo madogo madogo yakaanza kuharibika. Yule fundi cherehani wa mtaa wa nyuma alikuja na bango lake amelikunja kwapani, na uso nao ameukunja. Namba ya simu haikuwa yake. Tarakimu moja tu ilikuwa imebadilika, wateja wake wakawa wanampigia bwana mmoja asiyemjua, na huyo bwana alishachoka, anawatukana. Tukamchapia mabango mengine bure. Haikupita muda, mwalimu mkuu wa chekechea akaja kusema wazazi wamefika kwenye mkutano siku ambayo hakuna mkutano, kwa sababu ya tarehe kwenye karatasi zetu. Baba akaniangalia. Akasema macho yangu yako kwenye simu, hayako kwenye kazi. Nikamjibu kwamba macho yangu hayana tatizo, tatizo ni duka lenye kompyuta za enzi za mababu. Naye akasema lile analojua litaniuma: kwamba wewe ungekuwepo haya yasingetokea. Siku hiyo nilikuchukia kidogo, nikwambie ukweli.

Aliyetutuliza ni Mama Makasi. Unakumbuka anavyotundika kila prufu, ile karatasi ya majaribio iliyosainiwa na mteja, kwenye ule msumari nyuma ya mashine ya kukatia. Akaichomoa ya fundi cherehani, akaileta mezani. Namba ilikuwa sahihi. Karatasi ile niliitoa mimi, kwenye mashine yangu, jioni. Na mabango tukayatoa kutoka faili lile lile asubuhi yake, mlango ukiwa umefungwa usiku kucha na ufunguo uko kwa Baba. Akachomoa na ya chekechea. Tarehe sahihi. Baba alivua miwani, akabaki ameishika tu.

Tukamwita fundi wa kompyuta, yule mrefu ambaye Mama aliwahi kutamani awe mkwe wake. Alikaa kwenye kiti changu, akauliza kama kuna programu iliyowahi kujifunga yenyewe. Nikamsimulia habari ya mifuko nikicheka, hata dau letu nikalisimulia. Yeye hakucheka. Aliniomba niondoe mkono kwenye kibodi, taratibu, akachomoa waya wa intaneti.

Alitueleza hivi. Programu ikifungua picha inaitengea nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta, nafasi ya ukubwa ambao faili lenyewe limejitajia. Lile faili lilidanganya. Lilijitaja dogo, kisha likamwaga kubwa, kama kumimina ndoo kwenye kikombe. Kilichozidi kikafurikia mahali pa jirani, pale programu inapoweka maagizo yake yenyewe, kikayafuta na kuandika maagizo mengine. Na kompyuta haiulizi agizo la nani, inatii. Nikamwambia lakini faili halikufunguka. Akasema kule kujifunga ndiko kulikuwa kufunguka kwake, na kila tulipolihamisha tulikuwa tunamkaribisha mtu chumba kingine. Kisha akauliza kwa nini hatukuweka toleo jipya, maana wenye programu waligundua tundu hilo zamani na kuliziba, na walikuwa wanatuambia kila siku. Ni kale kadirisha ka pembeni, Kaka. Kale ambako Baba ametukataza kukakubali kwa sababu toleo jipya linasogeza herufi na mashine ya kutengenezea pleti za kuchapia inalikataa. Kila asubuhi kanakuja, kila asubuhi tunabonyeza "baadaye". Wewe ndiye uliyenifundisha kukabonyeza bila kukasoma.

Kuhusu zile namba na tarehe, fundi alisema huyo mtu alikuwa anajaribu mkono tu. Alitaka kuona kama anaweza kubadilisha kitu kidogo mpaka kifike mtaani bila mtu kukiona. Akauliza nani mwingine amelifungua faili. Nikamtajia mashine zetu. Nilipofika kwako nikakaa juu ya boksi la karatasi.

Nikakupigia papo hapo. Simu inaita, inakatwa. Nikapiga tena na tena, nikajaribu na kwa simu ya Baba, nikakuandikia ujumbe, kimya. Nilidhani umeninunia kwa yale maneno niliyokurushia Baba alipovimba goti na hukuja. Nikasema haya, anune, lakini hili atalisikia. Nikapiga kiwandani kwenu. Dada wa mapokezi akanipokea vizuri, akauliza mimi nani, nikasema dada yako. Sauti yake ikabadilika. Akasema wameshaonywa juu yangu: kuna mwanamke ameiba simu ya dada yako na anajifanya ndiye, na nikithubutu kupiga tena watanipeleka polisi. Nikauliza kaonya nani. Akasema umeonya wewe mwenyewe. Akakata.

Fundi aliondoka na kompyuta yangu. Jana mchana alituita mimi na Baba. Ndani ya barua pepe yangu alikuta chumba, yaani folda, kimefichwa ambacho mimi sikukitengeneza, na barua zako zote zilikuwa zinapelekwa humo moja kwa moja, nisizione. Na majibu yake yalikuwa humo. Kaka, tangu siku za ile nembo ya mifuko umekuwa unaandikiana na mtu ambaye si mimi.

Barua ya kwanza anakwambia kwamba simu yangu imeibiwa na mwizi anapokea kwa sauti kama yangu, usipokee namba ile wala nyingine ya nyumbani, maana mwizi anazo zote. Anakwambia simu niliyoazimwa ina kipaza sauti kibovu, basi tuandikiane tu. Wewe ukasema pole sana mdogo wangu. Na mkaendelea.

Nimezisoma zote. Nilianza na hofu, nikamaliza nikiwa na hasira, na hasira nyingine ni zako wewe. Anakusalimia vizuri! Kila barua anauliza mgongo wako. Anakusifia kazi zako, anasema una mkono wa dhahabu. Mimi? Mimi lini nimewahi kukusifia? Miaka yote tangu uhame hakuna barua niliyokuandikia bila kukutania kichwa chako, na ghafla dada yako anakuwa na heshima kama mtumishi wa benki, nawe husemi hata huyu leo ana nini. Ulifurahi. Ndilo lililoniuma. Uliandika kwamba siku hizi tunaelewana kuliko zamani.

Ukamwambia na mambo ambayo mimi hujawahi kuniambia. Kwamba hukuja kumwona Baba kwa aibu, si kwa ubize. Kwamba kazi ya hapo imekuchosha na unatamani kurudi dukani, lakini hujui utamtazamaje mzee baada ya ulivyoondoka. Baba alikuwa anasoma nyuma ya bega langu. Aliinuka, akaenda kusimama mlangoni, akatupa mgongo kwa muda mrefu. Aliporudi alisema tu kwamba kiti chako hakijakaliwa na mtu. Nakufikishia kama kilivyo.

Sasa lebo yenyewe. Unajua ambavyo tumefanya tangu uanze kazi huko: huitoi lebo mpaka niipitie mimi. Unanitumia, naipitia herufi kwa herufi, nasahihisha humo humo, nakurudishia, na ile niliyorudisha ndiyo unayoipeleka kwenye pleti. Macho mapya. Hakuna kiwandani kwenu anayejua, maana wangesema unatoa kazi nje. Ulimtumia yule mtu lebo ya dawa ya mafua ya watoto, ile inayoleta usingizi. Ukaandika kwamba mkaguzi wenu yuko likizo, bosi anakusukuma, na jicho langu linakutosha kama siku zote. Akakujibu kwamba imependeza, ameipitia herufi kwa herufi, peleka.

Si mimi, Kaka. Lebo ile sikuipitia. Sikuwahi kuiona mpaka jana.

Fundi alizichapa zote mbili, uliyotuma na uliyorudishiwa. Nikazilaza mezani, nikapitisha rula mstari kwa mstari. Rangi zile zile, kile kimwezi chako cha pembeni kile kile, nafasi zote zile zile. Kwenye yako, mtoto wa chini ya miaka miwili anapewa kijiko kimoja kila baada ya saa 8. Kwenye iliyorudi ni kila baada ya saa 4. Nilipitisha rula mara mbili ndipo nikaona, na mimi nilikuwa naitafuta. Wewe ulikuwa huitafuti.

Na kuna jingine. Kwenye barua zangu kuna moja imeandikwa, haijatumwa, inasubiri siku yake. Inakwenda kwa wakubwa wa kiwanda chenu. Inasema wamebadilisha kitu kimoja kwenye dawa zenu za watoto, na mkitaka kujua ni kipi mlipe. Imeandikwa kutoka kwenye anwani yangu, kwa jina langu la shule. Siku itakapotumwa, barua itakuwa ya kwangu na lebo itakuwa na sahihi yako. Fundi alikwenda kutoa taarifa polisi, wakamwandika, wakamwambia arudi na mwenye kiwanda. Rafiki mmoja wa Baba ameshauri tunyamaze kwanza tutafute wakili. Baba akamwambia mlango ule pale.

Basi fanya hivi, nakuomba kwa jina la Mama. Usimwandikie mtu yeyote kwa kompyuta, wala hiyo simu unayodhani ni yangu usiiguse. Nenda kwenye mitambo kwa miguu yako mwenyewe. Chukua lebo iliyochapwa, isome kwenye karatasi, usiisome kwenye kioo. Ikiwa bado wanachapa, simamisha, hata ukilala mbele ya mashine. Kisha nenda kwa bosi wako umwambie yote, hata hili la mimi kukupitia kazi kwa siri. Watakufukuza, najua. Wanaweza kutukamata wote wawili. Naogopa sana, sikufichi. Lakini naogopa zaidi mama wa mtu kushika saa mkononi, kuhesabu saa nne kwa uaminifu, na kumwamsha mtoto ili amlevye tena.

Nisalimie wifi, mwambie ile kanga ya kijani nimeipata. Watoto waambie shangazi yao

Alhamisi.

Kaka, niliishia hapo kwa sababu Shangazi aliingia kuchukua barua. Aliketi, akaomba maji, akasema hana wasiwasi na safari ila mjukuu wake ana mafua. Akachomoa chupa kwenye mkoba, akaniomba nimsomee lebo, eti miwani ameisahau na anataka kuhakikisha hajakosea. Aliinunua juzi kwenye duka la dawa la ng'ambo ya barabara. Akaisifia hiyo dawa! Akasema tangu aanze kumpa, mtoto hasumbui mtu, analala tu, hata ukifika wakati wa kijiko kingine inabidi wamtikise.

Nilikiona kimwezi kabla sijasoma chochote.

Shangazi hajawahi kukosea saa maishani mwake. Alimpa kila baada ya saa nne, mchana na usiku, hakuruka hata kijiko. Sikumaliza kumweleza, Mama Makasi alishamshika mkono wanakimbia. Mimi nilivuka barabara kwenda kwa muuza dawa. Boksi lilikuwa wazi mezani, jipya, chupa chache zimeshatoka. Aliniangalia kama mwendawazimu, lakini akaliteremsha chini ya meza. Sijui kama bado liko chini.

Mtoto yuko hospitali. Alichelewa kuamka, wakamhangaikia sana. Jioni alifumbua macho, akamtazama mama yake, akalala tena, na daktari amesema wasimwache peke yake. Daktari ameipiga picha lebo na kupeleka taarifa kwa wakubwa wake, na wakubwa wana njia zao, ndefu. Shangazi amekaa kwenye benchi la korido na hajaniuliza nani aliyeitengeneza lebo ile. Mimi sijamwambia. Nilishindwa, Kaka. Anakuombea wewe kila siku.

Kwa hiyo Shangazi hasafiri, nimekuja mimi. Haya ya mwisho nayaandikia gotini, usiyacheke. Mlinzi wenu wa getini amenikatalia, ameandikiwa sura yangu mpaka kovu la kidevuni. Si mtu mbaya. Nimemwambia sitaki kuingia, nataka bahasha tu ifike mkononi mwako, na amekubali. Kama unaisoma, basi ametimiza.

Usije ukadhani na hii imeandikwa na yule. Yule alikuwa anatia sahihi kwa jina langu la shule, na wewe ulikubali. Hajui jina ulilonipa siku niliyoweka kiganja changu kwenye mabango mabichi ya Baba, ukamwambia Baba ni kiganja chako, na chako kilikuwa kikubwa mara mbili. Baba alijifanya ameamini. Mpaka leo anajifanya. Hapo chini nimepaka wino wa kalamu kwenye kidole, nimegandamiza. Huo ni mkono wangu.

Wasalimie wote nyumbani kwako. Mama anakusubiri, Baba anakusubiri, na kiti hakijakaliwa na mtu.

Mimi mdogo wako,

Doa.

Niko nje, upande wa pili wa barabara, nimeegemea ukuta mweupe, chupa ninayo mkononi. Malori yenu nimeyaona yakitoka tangu nimefika, na hata sasa ninapokunja karatasi hii mlinzi anafungua geti, kuna jingine linakuja. Toka nje, Kaka. Acha kila kitu, toka.